Kalenda Mbili za Mfugaji wa Rodeo

Anayekutana na rodeo kwa mara ya kwanza kwenye simu yake huona kitu kimoja: kijana amekaa juu ya fahali, fahali anaruka, kijana anaangukia vumbini, uwanja unalipuka kwa kelele. Ni kweli hiyo ni rodeo. Lakini kati ya mashindano yake yote, kupanda fahali ndiko kuliko mbali zaidi na kazi ya ranchi, maana hakuna kazi ya mifugo inayomtaka mtu ampande fahali wake. Mengi ya yaliyobaki yalikuwa kazi kabla hayajawa mchezo, na katika ranchi za Wyoming, Montana, Utah na Texas yangali kazi hadi leo: kunasa ndama kwa kitanzi, kumfunga miguu, kumzuia maksai aliyekimbia kundi, kumzoeza farasi asiyetaka kupandwa.

Jina lenyewe linatoboa siri. Linatokana na neno la Kihispania *rodear*, kuzunguka. Wachungaji wa Mexico walizunguka malisho yasiyo na ua wakikusanya ng'ombe waliochanganyikana, kisha wakawatenganisha kwa chapa zao. Kamba yao waliiita *la reata*. Wazungumzaji wa Kiingereza waliofika Texas wakalitamka *lariat*. Walichukua kamba, tandiko na namna ya kufanya kazi, wakachukua pia tabia ya kushindana kazi inapoisha. Mnamo 4 Julai 1869 wachungaji wa ranchi jirani walikutana Deer Trail, Colorado, kushindana nani atabaki juu ya farasi mkorofi. Prescott, Arizona, ilianza rodeo yake mwaka 1888, na Cheyenne, Wyoming, mwaka 1897. Zote mbili zinaendelea.

Linalowapita wengi ni hili: mfugaji anayeshindana rodeo huishi chini ya kalenda mbili, ya ng'ombe na ya uwanja, nazo hugongana karibu kila msimu. Ukitaka kujua familia hizi zinaishije, tazama zinapogongana.

Majira ya baridi: ndama wanazaliwa, viwanja vinaita

Ranchi nyingi za magharibi ya Marekani hufuga ng'ombe wa nyama, hasa Angus na Hereford, kwa mpango wa mama na ndama. Mfugaji hanunui ndama wa kunenepesha. Anatunza majike, anauza watoto wao mara moja kwa mwaka. Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283, kwa hiyo fahali wakiingizwa kundini mwishoni mwa Mei, ndama huanza kuanguka mapema Machi. Fahali mmoja mzima hutosha majike 20 hadi 30. Mitamba, wanaozaa kwa mara ya kwanza, hupandishwa wiki tatu hivi kabla ya wengine, ili shida zao zije wakati mfugaji bado ana nafasi ya kuwakesha.

Na anakesha kweli. Mitamba hukaguliwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku kucha, katika baridi inayoweza kugandisha masikio ya ndama kabla hajakauka. Mtamba aliyetoa mfuko wa maji akakaa saa nzima bila maendeleo anahitaji msaada. Kwanza hutazamwa kwato zinazochungulia. Nyayo zikielekea chini, kwa kawaida ndama anakuja kwa miguu ya mbele. Zikielekea juu, huenda anakuja kinyumenyume, na hapo kila dakika ina bei, kwa sababu kitovu hubanwa kichwa kikiwa bado ndani. Mnyororo wa kuvutia hufungwa kwa mizunguko miwili kwenye kila mguu, mmoja juu ya kifundo na mwingine chini yake, ili nguvu igawanyike. Ukifungwa mzunguko mmoja tu, mfupa unaweza kuvunjika. Mvutaji huvuta mama anaposukuma na hupumzika mama anapopumzika. Mvuto huanza kwa kunyooka, kisha mabega yakitoka huelekezwa chini.

Ndama akishatoka, mbio ni za dang'a. Kinga iliyomo katika maziwa hayo ya mwanzo hupita kwenye utumbo wa ndama kwa saa 24 tu, na uwezo huo hushuka kila saa inayopita. Ndama wa kilo 36 anatakiwa apate lita 3 hadi 4 ndani ya saa 12 za kwanza, na nusu ya kiasi hicho mapema kadiri iwezekanavyo. Aliyekosa anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa, kisha akaharisha na kufa akiwa na wiki mbili, na mwenyewe asijue kwamba kosa lilitendeka usiku ule wa kwanza.

Sasa tazama kalenda ya pili. Rodeo kubwa za ndani ya kumbi huwa wakati huohuo: Denver mwezi Januari, Fort Worth na San Antonio baada yake, Houston mwezi Machi. Hizo ndizo zenye fedha nene. Mshindani akiwa Texas, kuna mtu mwingine aliyeshika tochi zizini. Mara nyingi ni mke, mama au binti wa miaka 15 ambaye asubuhi ana mtihani shuleni.

Mei: kazi na mchezo ni kitu kimoja

Kuna msimu mmoja ambao kalenda hizi zinapatana, nao ni wa kutia chapa. Majirani huja na farasi wao, hawalipwi. Wiki ijayo kundi lote litahamia kwa jirani mwingine, nako hakuna malipo ila chakula kingi. Mfugaji wa Monduli au Dodoma angeielewa ada hiyo bila kufafanuliwa.

Ndama wa wiki nne hadi kumi hukusanywa na mama zao kwenye zizi la wazi. Mpanda farasi huingia katikati yao kwa mwendo wa kutembea. Akikimbiza, kundi lote litaanza kuzunguka, ndama watakanyagwa, vumbi litawaziba pua. Anatega kitanzi mbele ya miguu ya nyuma ya ndama, ndama anakanyaga ndani, kamba inavutwa juu. Kisha anaizungusha kamba kwenye kigingi cha mbele cha tandiko na kumburuta ndama polepole hadi kwenye moto. Wakabaji wawili humlaza, wengine huja na chapa, sindano na kisu cha kuhasi, na katika dakika moja au mbili ndama anarudi kwa mama yake.

Chapa ina elimu yake. Chuma kizuri kina rangi ya majivu. Kikiwa chekundu huwasha manyoya moto na kuacha kovu lisilosomeka. Kikiwa cheusi bado ni baridi, nacho humtesa ndama bila kuacha alama. Hushikiliwa sekunde tatu hadi tano, mpaka ngozi ipate rangi ya ngozi ya kiatu kipya. Ndama aliyelowa hatiwi chapa, kwa sababu mvuke husambaza joto na alama hutapakaa. Katika majimbo mengi ya magharibi chapa husajiliwa serikalini, na mkaguzi huisoma kabla ng'ombe hawajauzwa au kuvuka mpaka wa jimbo. Chapa iliyotapakaa ni ng'ombe asiye na cheti.

Chanjo ya chambavu na magonjwa ya jamii yake hudungwa chini ya ngozi ya shingo, si kwenye paja ambako ingeharibu nyama ghali. Chupa hukaa kwenye kisanduku cha barafu, kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Chanjo hai ikishachanganywa hutumika ndani ya saa moja hivi. Kosa la kila mwaka ni bomba la sindano lililoachwa juani wakati watu wanakula: kazi imefanyika, kinga haikuingia.

Mtu aliyenasa ndama 200 kwa siku mbili za Mei hana haja ya kueleza alijifunzia wapi.

Kamba, kigingi na kidole gumba

Uwanjani kuna njia mbili za kuunganisha kamba na tandiko, na tofauti yao ni ya kihistoria. Watu wa Texas walifunga kamba moja kwa moja kwenye kigingi, kwa kuwa vichaka vyao vilidai kazi ya haraka na kamba fupi. Watu wa California na Nevada waliofuata Wamexico walitumia kamba ndefu ya ngozi iliyosukwa, wakaizungusha kigingini bila kuifunga, ili waweze kuilegeza nguvu ikizidi na kamba isikatike. Leo shindano la kufunga ndama hutumia njia ya kwanza, na kunasa kwa wawili hutumia ya pili.

Njia ya pili ndiyo inayokula vidole. Anayetumia mkono wa kulia huzungusha kamba kinyume cha saa, na sharti kidole gumba kielekee juu wakati wote. Kiganja kikilala, gumba huingia kati ya kamba na kigingi. Upande mmoja kuna maksai wa kilo 200 na zaidi, upande wa pili farasi wa kilo 500. Wanasaji wengi wazuri wamepoteza gumba kwa kuchelewa nusu sekunde. Ndiyo sababu wanaoanza hufundishwa kuzungusha kamba juu ya gogo linaloburutwa kabla hawajapewa mnyama.

Katika kunasa kwa wawili, wa kwanza hunasa kichwa. Minaso halali ni mitatu: pembe zote mbili, pembe moja na nusu ya kichwa, au shingo. Kisha humgeuza maksai kushoto, na mwenzake hunasa miguu ya nyuma. Mguu mmoja tu ukinaswa, sekunde tano zinaongezwa. Saa husimama kamba zote zikikazwa na farasi wawili wakitazamana. Kamba ya kichwa huwa na mita 9 hivi na ni laini. Ya miguu hukaribia mita 11 na ni ngumu zaidi, kwa sababu kitanzi lazima kisimame chenyewe kikimsubiri maksai akikanyage. Asiyejua hilo hununua kamba moja ya kazi zote, kisha hushangaa kwa nini kitanzi chake kinalala kama uzi uliolowa.

Kufunga ndama ni kazi ya mtu mmoja, na wakali humaliza katika sekunde nane au chini. Ndama, mwenye kilo 100 hadi 127, huachiwa kwanza. Mbele ya farasi kuna kamba nyepesi iliyounganishwa na shingo ya ndama. Ndama akifika umbali uliowekwa, kamba hiyo hujiachia. Mshindani akitoka kabla yake huongezewa sekunde kumi, yaani amekwisha. Ananasa, farasi anasimama ghafla, mtu anashuka mbio, wengi upande wa kulia. Anafuata kamba hadi kwa ndama na kumlaza ubavu. Kamba fupi aliyokuwa ameiuma menoni huizungusha mara mbili kwenye miguu mitatu, anamalizia kwa fundo la nusu, anainua mikono. Kisha anapanda tena farasi na kulegeza kamba, na ndama lazima abaki amefungwa sekunde sita. Wengi hushindwa hapo hasa. Mguu wa juu ukivutwa vibaya, mizunguko haikai, na ndama anajipapatua sekunde ya tano.

Kuangusha maksai kuna historia ya mtu mmoja. Bill Pickett, kauboi Mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1870, alimrukia maksai kutoka kwa farasi, akampinda kichwa na kumng'ata mdomo kama alivyoona mbwa wa mifugo wakifanya. Alifanya maonyesho hayo miaka mingi na kundi la ranchi iliyoitwa 101, ya Oklahoma, akafa mwaka 1932 baada ya kupigwa teke na farasi. Kung'ata kumeachwa, shindano limebaki. Jina lake linastahili kutajwa kila mara, kwa sababu sinema zilimchora kauboi kama mzungu peke yake, ilhali Wamexico, Wahindi Wekundu na Waafrika walikuwa sehemu kubwa ya wachungaji wa karne ya 19.

Farasi ndiye nusu ya kazi, pengine zaidi

Afrika Mashariki tuna wafugaji wakubwa wa ng'ombe ambao hawakuwahi kupanda farasi, na sababu si uhodari. Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, pamoja na malale ya wanyama yanayoletwa na mbung'o, viliwaua farasi karibu kila walikoletwa. Kwa hiyo tulizoea punda, na maneno yetu ya farasi ni machache. Marekani hali ilikuwa kinyume: nyanda kavu, baridi inayoua wadudu, nyasi zisizo na mwisho. Huko ukakua ukoo wa farasi wa *Quarter Horse*, uliopewa jina kwa mbio za robo maili, mita 402, ambazo hakuna ukoo mwingine unaoziweza vizuri zaidi. Chama chake cha usajili kiliundwa Fort Worth mwaka 1940. Ni farasi wa kimo cha sentimita 145 hadi 160 begani, mapaja mazito, na kitu ambacho wafugaji hukiita akili ya ng'ombe: anamsoma ndama atageukia wapi kabla mpandaji hajaona.

Kumtengeneza huchukua miaka. Akiwa na miaka miwili huzoeshwa tandiko na kupandwa kwa muda mfupi. Akiwa na mitatu hufanya kazi za ranchi: kutembea maili nyingi, kuvuka mito, kuburuta magogo ili azoee uzito unaovuta kutoka kwenye kigingi. Mafunzo ya kamba huanza minne, na kusafirishwa kwenda mashindanoni huja baadaye. Ubora wake huwa kati ya miaka minane na kumi na mitano. Anayeruka hatua hupata farasi mwenye kasi na moyo uliovunjika.

Moyo huvunjikia kwenye boksi, ile nafasi ya mita chache ambamo farasi husubiri ndama aachiwe. Farasi anatakiwa aingie, ageuke, arudi kwenye kona na asimame kimya. Lakini anajifunza upesi kwamba mlio wa geti unamaanisha kupigwa visigino na kukimbia roho mkononi. Baada ya muda anaanza kutetemeka, kusimama kwa miguu miwili, mwishowe anakataa kuingia. Kinga yake ni mazoezi yanayochosha mtu: kumwachia ndama aende bila kumkimbiza, tena na tena, mara nyingi zaidi kuliko zile za kukimbiza. Farasi aliyekwisha kuharibika huingizwa humo na kuachwa asimame hadi ashushe kichwa na kulegeza mdomo, kisha anatolewa akitembea. Itachukua wiki nyingi. Hakuna njia ya mkato.

Katika kufunga ndama farasi hufanya kazi bila mtu mgongoni. Lazima arudi nyuma polepole ili kamba ibaki imekaza. Akirudi kwa pupa anamburuta ndama, na sheria humwadhibu mwenyewe. Akisogea mbele, kamba inalegea na ndama anainuka. Wapo wanaotumia kamba nyepesi inayotoka kwenye lijamu, ikapita kwenye kapi ndogo, hadi mkandani mwa mshindani. Mtu akikimbia inafunguka taratibu na kumkumbusha farasi arudi nyuma. Kamba nyingine shingoni humweka farasi akimkabili ndama muda wote.

Tandiko la kunasia lina mikanda miwili tumboni. Wa nyuma upo kwa sababu ndama anapovuta kigingi, sehemu ya nyuma ya tandiko huinuka. Lazima uunganishwe na wa mbele kwa ukanda mfupi chini ya tumbo. Ukisahauliwa, unateleza hadi kiunoni, na farasi mpole wa miaka kumi anageuka kuwa mrukaji. Mkanda wa mbele hukazwa kwa awamu tatu: kidogo, kisha farasi atembezwe, kisha tena, na mara ya mwisho kabla ya kupanda. Manyoya meupe karibu na mabega ni ushahidi kwamba tandiko fulani lilimbana huko nyuma.

Farasi hula malisho makavu ya asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kila siku. Huyu wa kilo 500 anataka kilo 8 hadi 10 za hei, yaani nyasi zilizokaushwa, na maji lita 20 hadi 40, zaidi penye joto. Nafaka nyingi kwa ghafla huleta msokoto wa tumbo au uvimbe ndani ya kwato, na vyote viwili vinaua. Fundi wa kwato huja kila baada ya wiki sita hadi nane. Safarini, baada ya saa nne hivi, gari husimamishwa ili farasi apumzishe misuli na anywe, kwa sababu kusimama kwenye trela inayoyumba ni kazi. Farasi wengi hukataa maji ya ugenini yenye harufu tofauti, kwa hiyo wenye uzoefu hubeba ya nyumbani.

Wale wanaoruka

Wanyama wa kuruka si farasi wa porini waliokamatwa jana. Wengi huzalishwa kwa makusudi na makampuni ya mifugo ya rodeo, kwa kufuata koo za warukaji. Mpanda farasi au fahali hushika kwa mkono mmoja, na lazima akae sekunde nane bila mkono wa pili kumgusa mnyama. Kwa kawaida majaji ni wawili; kila mmoja anampa mtu hadi pointi 25 na mnyama hadi 25. Kwa hiyo mnyama akipata 22 na 21, mtu 21 na 21, jumla ni 85. Mnyama anapatikana kwa kura, na mwenye kura ya mnyama mlegevu anaweza kupewa mwingine.

Kwa farasi ipo sharti moja zaidi: miguu ya mbele ya farasi inapogusa ardhi katika mruko wa kwanza, visigino vya mpandaji viwe juu ya mabega ya farasi. Vikiwa chini, pointi zote zinapotea hata angekaa sekunde ishirini. Kwenye shindano la farasi wenye tandiko kuna siri ya hatamu. Mpandaji huipima kwa ngumi na gumba nyuma ya sehemu ya mbele ya tandiko, kisha anaongeza au kupunguza kulingana na farasi anavyoshusha kichwa. Ikiwa fupi, farasi humvuta mbele akapita juu ya kichwa. Ikiwa ndefu, hana cha kujishikia na huangukia nyuma.

Mkanda wa kiunoni anaofungwa mnyama ili aruke husemewa mengi yasiyo kweli. Hufungwa mbele ya miguu ya nyuma, umezungushiwa ngozi ya kondoo au kitu kingine laini, wala hauguswi na korodani. Majike huvaa huohuo na kuruka vilevile. Ukikazwa kupita kiasi, mnyama hugoma kuruka. Hii haina maana kwamba hakuna anayeumia. Ndama huvunjika, farasi huanguka, na wapinzani wa mchezo huu wana hoja inayostahili kusikilizwa. Chama kikuu cha rodeo ya kulipwa kinadai daktari wa mifugo awepo kila shindano. Uingereza ilichukua njia nyingine: sheria yake ya mwaka 1934 ilikataza maonyesho ya kunasa na kuwalazimisha wanyama wasiofunzwa, na tangu hapo rodeo ya namna hii haina nafasi kule. Watu nao hufa. Baada ya Lane Frost kuuawa na fahali huko Cheyenne mwaka 1989, fulana za kukinga kifua zilienea kati ya wapanda fahali.

Fedha, na Julai

Mshindani wa rodeo hana mshahara. Hulipa kiingilio kila anapojiandikisha, hujilipia mafuta, chakula na hei. Zawadi hutokana na viingilio vyenyewe pamoja na fedha iliyoongezwa na waandaaji, na wachache wa juu ndio wanaogawana. Hata hilo lilipiganiwa. Mwaka 1936, katika ukumbi wa Boston Garden, makauboi 61 waligoma kwa sababu zawadi zilikuwa ndogo kuliko walivyolipa kuingia. Walishinda, wakaunda chama walichokiita cha Kobe, kwa kuwa walichelewa kujipanga lakini hatimaye walitoa shingo nje. Ndicho kilichokuja kuwa chama kikuu cha leo. Wanawake 38 waliunda chao San Angelo, Texas, mwaka 1948, wakichoshwa na kuwa mapambo. Mbio zao za mapipa matatu, ambako kila pipa linaloangushwa huongeza sekunde tano, sasa hujaza viwanja.

Kila dola anayoshinda mshindani ni pointi moja. Msimu huanza Oktoba na kumalizika mwisho wa Septemba, na 15 wa juu katika kila shindano huenda fainali za Desemba, ambazo tangu 1985 hufanyika Las Vegas isipokuwa mwaka 2020. Wiki inayozunguka 4 Julai huitwa Krismasi ya makauboi: rodeo nyingi, zawadi nyingi, madereva wanapokezana usukani usiku kucha.

Na Julai ndiyo hei inakatwa. Hapo mgongano ni mkali kuliko wakati wowote, kwa sababu hei haingoji. Ng'ombe mmoja mkubwa hula kilo 12 hivi kwa siku wakati theluji imefunika malisho. Majike 200 kwa miezi minne ni karibu tani 290. Nyasi ikichelewa kukatwa inakuwa mashina. Ikifungwa marobota kabla ya kukauka, unyevu ukiwa zaidi ya asilimia 20, huvunda na kupata joto ndani, na ghala linaweza kuwaka lenyewe wiki kadhaa baadaye. Mtu lazima awepo nyumbani, ashike nyasi mkononi saa nne usiku, aamue kama umande umeshuka kiasi cha kufunga. Mwenye jina kwenye runinga yuko barabarani. Anayeamua hilo la nyasi hatajwi popote.

Ndiyo maana wanaodumu ni familia. Wright wa Milford, Utah, ndio mfano unaojulikana kuliko wote. Wanafuga ng'ombe kusini mwa jimbo hilo tangu karne ya 19, na wametoa mabingwa wa dunia wa kupanda farasi wenye tandiko mmoja baada ya mwingine: Cody mwaka 2008 na 2010, mdogo wake Jesse 2012, mwingine Spencer 2014, kisha Ryder, mtoto wa Cody, 2017. Stetson, mdogo wake Ryder, akawa bingwa wa jumla mwaka 2019. Sehemu ya malisho yao, kama ya wafugaji wengi wa magharibi, ni ardhi ya serikali kuu inayolishwa kwa kibali. Ada ya kibali hicho kwa jike na ndama wake kwa mwezi ilikuwa dola 1.35 kuanzia 2019 hadi 2025. Ni nafuu, lakini huambatana na idadi ya ng'ombe, tarehe ya kuingia na tarehe ya kutoka, na ukame ukija afisa anaweza kuzikata.

Tatizo kubwa kuliko yote halionekani uwanjani: ranchi hurithiwaje. Ardhi imepanda bei kwa sababu ya matajiri wanaotaka mandhari, si kwa sababu ya nyasi. Familia inaweza kumiliki mamilioni kwenye karatasi na kushindwa kununua trekta. Wakiwa watoto wanne, mmoja akabaki na ng'ombe na watatu wakaenda mjini, kuwalipa watatu hao haki yao kwa bei ya soko kunaweza kulazimisha kuuza shamba lenyewe. Njia inayotumika zaidi ni kuweka ardhi ndani ya kampuni ya familia na kugawa hisa taratibu wakati wazazi wangali hai. Au huuzwa haki ya kujenga majumba kwa taasisi ya hifadhi: familia hupata fedha, na ardhi hubaki malisho daima. Wanaongoja msiba ndipo waanze kuzungumza huishia kwa mawakili.

Watoto wenyewe huanza mapema. Wa miaka mitano hupanda kondoo mgongoni, wamevaa kofia ngumu. Wa saba hutupa kitanzi kwenye kichwa cha plastiki kilichochomekwa kwenye robota la hei, mara mia kwa jioni. Wakifika sekondari kuna ligi ya shule, kisha ya vyuo yenye ufadhili wa masomo, na fainali zake hufanyika Casper, Wyoming. Farasi wa kwanza wa mtoto karibu kila mara ni yule mzee wa miaka ishirini, aliyekwisha kumpeleka baba au shangazi kwenye mashindano mia. Meno yake yamechakaa, hula chakula kilicholowekwa, magoti yanakwaruza asubuhi za baridi. Mtoto akiegemea upande mmoja, husogea chini yake amweke sawa. Geti likilia, bado anatega masikio, halafu anasubiri.